Shimo Lenye Mwenyewe

Kaskazini mwa Arizona, nchini Marekani, kuna shimo lililochimbwa na kimondo miaka 50,000 hivi iliyopita. Upana wake ni kilomita 1.2, kina chake mita 170, na ni mali ya ukoo mmoja, kama shamba la minazi aliloliacha babu. Ukoo wenyewe unaitwa Barringer. Niliposimuliwa hayo na shemeji yangu, aliyemwoa mdogo wangu huko Phoenix, nilidhani ananitania. Sisi tumezoea kwamba maajabu ya ardhi ni ya taifa: Ngorongoro, Kilimanjaro, mapango ya Amboni. Lakini shemeji ni mtu wa Uvira, dereva wa malori ya safari ndefu, na njia ya kwenda New Mexico inapita karibu kabisa na hapo. "Iko na mwenyewe, shemeji," alirudia. "Utalipa kwanza, ndiyo utaona."

Tuliondoka Phoenix alfajiri, mimi, shemeji na mpwa wangu wa darasa la tano, maana joto la mji ule wakati wa kiangazi halina adabu. Barabara ya I-17 hupanda kwenda kaskazini. Huku chini ni jangwa na madungusikakati marefu yaliyoinua mikono. Saa mbili na ushei baadaye unajikuta Flagstaff, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misonobari na hewa ya kuvalia sweta. Hapo unashika I-40 kuelekea mashariki, na misonobari inakatika ghafla. Kinachofuata ni uwanda mkavu wenye wekundu, usio na mti wa kufungia mbuzi.

Kwa mbali kreta haionyeshi kuwa shimo. Ni kilima kifupi kilichokatwa kichwa, kwa kuwa ukingo wake umeinuka mita 45 tu juu ya uwanda. Walowezi wa zamani waliiita mlima, Coon Mountain, na nikiwa kwenye kiti cha mbele nilielewa kwa nini. Tulichepuka kutoka barabara kuu tukaenda kusini kilomita 10 hivi, tukipita kwenye ardhi ya ranchi, ng'ombe wakitutazama bila shauku yoyote, mpaka lami ikaishia kwenye maegesho chini ya jengo la wageni lililojengwa ubavuni mwa ukingo. Tukakata tiketi.

Ndani mna kila kitu ambacho Wamarekani hukiweka mahali pa utalii: filamu fupi, makumbusho ya anga, mgahawa, duka, ukuta wa majina ya wanaanga, na nje chombo cha majaribio cha mradi wa Apollo ambacho watoto hupigia picha. Filamu sikuimaliza. Mpwa wangu alikuwa ameshanivuta mkono kuelekea mlango wa nyuma.

Ukitoka mlango ule, ardhi imekwisha. Kustaajabu nilikutarajia; sikutarajia macho yangu kushindwa kazi. Mle shimoni hamna mti mkubwa, nyumba wala mtu wa kupimia, kwa hiyo akili hujitungia kipimo chake, nacho huwa kidogo mno. Mwanzoni niliona shimo la kutosha uwanja mmoja wa mpira. Kisha nikainamia darubini iliyofungwa kwenye jukwaa, iliyoelekezwa kwenye uzio mdogo katikati ya sakafu. Ndani ya uzio ule pamesimamishwa sanamu bapa ya mwanaanga, kimo cha mtu mzima, na bendera ya Marekani kando yake. Niliondoa jicho kwenye darubini nikatafuta tena mahali palepale. Hapakuwa na kitu. Mwanaanga na bendera yake walikuwa wamemezwa na umbali. Jiwe moja la ng'ambo nililokuwa nimelipuuza kama kokoto linaitwa House Rock, na kweli lina ukubwa wa nyumba. Maelezo ya pale yanasema kwamba kwenye sakafu vinaenea viwanja 20 vya mpira wa Kimarekani, na kwenye miteremko wangekaa watazamaji milioni mbili. Baada ya darubini ile sikubisha.

"Hii na ile yenu ya Ngorongoro, kubwa ni ipi?" shemeji aliuliza, akijua jibu.

Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi na kuta za mita 600. Hii ingetupwa ndani yake ikapotea miongoni mwa nyumbu. Lakini Ngorongoro ni volkano iliyojibomokea yenyewe. Chanzo chake kilitoka chini. Hapa ulipo ukingo huu hapakuwa na mlima wowote. Palikuwa na uwanda kama ule tuliotoka kuupita, na kilichofanya kazi yote kilitoka juu kwa sekunde chache.

Kimondo chenyewe kilikuwa chuma chenye nikeli, upana wake mita 50 hivi, uzito wake ukikadiriwa kuwa tani 300,000. Kiligonga ardhi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Kwa mwendo huo safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro haichukui sekunde 20. Jiwe linaloenda hivyo halichimbi kama jembe. Nguvu yote ya mwendo hugeuka joto na mgandamizo papo hapo, likalipuka pamoja na mwamba lilioukuta, mlipuko unaolinganishwa na tani milioni 10 za baruti ya TNT. Tani milioni 175 za mwamba zilirushwa nje. Na kwa kuwa mwamba wa hapo ulikuwa na nyufa zinazokatana tangu zamani, ulipasuka kwa kufuata nyufa hizo. Ndiyo maana kreta hii, ukiitazama vizuri, si duara. Ina pembe, inakaribia mraba. Michoro yote ya vitabuni niliyowahi kuiona ilikuwa ya duara safi, na kasoro hii ya pembe ilinipendeza kuliko uzuri wenyewe.

Wakati huo sehemu hii ilikuwa na majani na miti, na mamothi wakitembea. Watu, kwa tunavyojua, walikuwa hawajafika Marekani. Kwetu walikuwepo zamani. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wataalamu walikuta kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, amelazwa kwa uangalifu, magoti yamekunjwa. Yaani watu wa pwani walikuwa wameshamzika mtoto wao kwa heshima maelfu ya miaka kabla chuma hiki hakijaanguka Arizona. Nilimwambia mpwa wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mtoto alikuwa mvulana au msichana.

Mgeni haruhusiwi kushuka shimoni. Anachoweza ni kuungana na kikundi kinachotembea juu ya ukingo na kiongozi, kama upepo unakubali. Siku hiyo ulikubali kwa shingo upande. Kiongozi wetu, kijana mwenye kofia pana iliyofungwa kwa kamba kidevuni, alitutaka tushike kofia zetu, tufuate njia, na tusiokote hata punje ya mchanga. Upepo wa pale hauji kwa mawimbi. Unasukuma tu, bila kupumzika, na maneno ya kiongozi yalikuwa yakifika nusunusu kwa waliobaki nyuma. Nikajibana mbele.

Alitusimamisha mahali ambapo ukuta unasomeka. Katika uwanda wa kawaida, mwamba mwekundu wa Moenkopi hukaa juu, chini yake chokaa ya Kaibab iliyopauka, chini zaidi mchangamawe mweupe wa Coconino. Ukingoni mpangilio huo umepinduliwa: chokaa imelala juu ya mwekundu, na mweupe juu ya vyote. Ardhi ilifunuliwa ikalazwa kifudifudi, na tabaka zikabaki zimeshikana kwa mpangilio wa kinyume. Kando ya njia alituonyesha unga mweupe laini, mchangamawe uliosagwa na mgongano hadi ukawa vumbi. Magharibi vilele vya San Francisco vilikuwa vinaonekana wazi, navyo ni volkano za kweli. Volkano hizo ndizo zilizowapoteza wataalamu.

Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia mkuu wa shirika la serikali la upimaji wa ardhi, alikuja kuchunguza shimo hili. Alikuwa bingwa anayeheshimiwa na wote, na alikuja na vipimo viwili vilivyoonekana havina dosari. Kama nyota ya chuma imezikwa humu, sindano ya dira itayumba. Haikuyumba. Kama kuna mgeni chini ya sakafu aliyechukua nafasi, basi kifusi cha ukingoni kitazidi ujazo wa shimo. Havikuzidiana. Gilbert akahitimisha kwamba ni mvuke wa volkano uliolipuka kutoka chini, na vipande vya chuma vilivyotapakaa uwandani ni sadfa tu. Ajabu ni kwamba muda mfupi baadaye mtu huyohuyo aliandika kwamba mashimo ya Mwezini yametokana na vitu vilivyougonga kutoka angani. Aliuamini mgongano wa mbali, akaukataa uliokuwa chini ya buti zake.

Mwaka 1902 habari za shimo zikamfikia Daniel Moreau Barringer wa Philadelphia, mwanasheria aliyegeuka mhandisi wa migodi, aliyekuwa ametajirika kwa fedha ya mgodi mmoja kusini mwa Arizona. Hakungoja hata kulitembelea. Mwaka 1903, pamoja na rafiki yake Benjamin Tilghman, alianzisha kampuni, Standard Iron Company, wakapata hati ya ardhi, wakaanza kutoboa. Hoja zake zilikuwa nzito: hakuna jiwe la volkano shimoni, chuma kimechanganyika na kifusi, na ule unga mweupe hauwezi kutengenezwa na mvuke. Alikuwa sahihi kabisa juu ya kilichotokea. Alikosea juu ya kilichobaki. Kwa hesabu zake, tani milioni 100 za chuma zilikuwa zimelala chini ya sakafu zikimngoja.

Alitoboa katikati, akakuta maji na mchanga unaodidimia. Alipiga risasi za bunduki kwenye tope, akagundua kwamba hata risasi iliyopigwa kwa mshazari huacha tundu la duara. Basi, akasema, chuma hakiko katikati, kiko kusini, chini ya ukingo. Mitambo ikahamishiwa kusini. Tundu la mwisho lilifika mita 419, kekee ikanasa, na fedha zikakatika. Miaka 27 ilikuwa imepita na zaidi ya dola 600,000 zimezama humo. Wawekezaji walipotaka kujua kama waendelee, walimtafuta Forest Ray Moulton, mtaalamu wa hesabu za anga. Moulton aliwaletea jibu mwaka 1929: kimondo hakikuzidi tani 300,000, na sehemu kubwa iligeuka mvuke kilipogonga. Hakuna cha kuchimba. Barringer alisoma ripoti za Moulton, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo akafa kwa ugonjwa wa moyo.

Kiongozi wetu alisimulia kisa hiki bila kicheko, na mimi pia sikuona cha kucheka. Gilbert na Barringer walitazamana kwa miaka kama wapinzani, kumbe walishiriki kosa moja: kila mmoja aliamini kwamba kilichochimba shimo lazima kiwemo shimoni. Vipimo vya Gilbert vilikuwa sahihi. Chuma hakimo. Ila kutokuwemo kwake hakukuwa na maana aliyoipa. Ukichungulia kwa darubini mabaki ya kazi ya Barringer bado yako pale chini, karibu na yule mwanaanga bapa.

Tuliporudi ndani shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la Holsinger. Ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vilivyopatikana hapa, kilo 639, na mgeni anaruhusiwa kukigusa. Ni cheusi, kina mabonde laini ya kuingia kidole gumba, na ni baridi kuliko unavyotegemea. Shemeji alikisukuma kwa bega, akajaribu tena, akacheka. Mtu aliyezoea kufunga mizigo anajua chuma kinapomkatalia.

Nilipoweka kiganja juu yake nilikumbuka Mbozi. Niliwahi kufanya kazi Vwawa, na Jumapili moja wenzangu walinipeleka Mlima Marengi kukiona kimondo chetu: chuma kitupu chenye urefu wa mita 3 hivi, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kikiwa na alama ya msumeno upande ambako wataalamu walikata kipande kwa uchunguzi. Wenyeji walikuwa wanakijua tangu enzi. Vitabu vya wageni vilianza kukitaja mwaka 1930. Kreta haipo. Kama iliwahi kuwepo, mvua na udongo vimeshaifukia. Kwa hiyo wao Arizona wana shimo na makombo ya chuma, sisi tuna chuma na hatuna shimo. Kimondo cha Mbozi, ukikipima kwa jiwe la Holsinger, ni mara 25 yake. Nilipomwambia hivyo mhudumu wa makumbusho alinyanyua nyusi, akaniomba nimwandikie jina la mahali. Sikuandika kwa unyenyekevu.

Kusema kweli, mahali pa kwanza kusikia habari za vimondo palikuwa Pangani, kwa bibi. Alitufundisha kwamba kimondo ni kombora la malaika, linamlenga shetani anayepanda kudukua habari za mbinguni, na mtoto akikiona ataje jina la Mungu. Sijui kama kuna maelezo ya kisayansi yatakayomfanya mtoto atazame juu kwa makini namna ile.

Katika makumbusho kuna maelezo ambayo wageni wengi huyapita haraka wakielekea dukani, nami nawasihi wasiyapite. Yanamhusu Clair Patterson. Vipande vya chuma kutoka hapa, vinavyojulikana kwa jina la Canyon Diablo, vina madini ya risasi ya tangu mfumo wa jua ulipoundwa. Patterson alipima risasi hiyo na mwaka 1956 akachapisha umri wa dunia: miaka bilioni 4.55. Takwimu hiyo bado imesimama. Lakini katika kuipima alisumbuliwa na jambo dogo: kila alichokigusa maabara kilikuwa na risasi nyingi kupita kiasi, hewani, kwenye vumbi, kwenye ngozi. Alifuatilia, akakuta inatoka kwenye petroli, ambako ilikuwa ikitiwa makusudi ili injini zisigonge. Alipigana na kampuni kubwa kwa miaka. Nchi moja baada ya nyingine zikaiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 karibu Afrika yote kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha petroli yenye risasi. Kwa maneno mengine, watoto wanaovuka barabara Kariakoo na Gikomba leo wanavuta hewa isiyo na sumu ile kwa sababu, pamoja na mengine, kuna mtu aliyepima kwa makini chuma cha shimo hili. Shemeji, ambaye maisha yake yote ni injini, aliyasoma maelezo hayo mara mbili.

Aliyefunga mjadala wa asili ya shimo ni Eugene Shoemaker. Alikuwa ameshachunguza mashimo yaliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia katika jangwa la Nevada, na hapa akakuta mwamba umepinduka kwa namna ileile. Mwaka 1960 yeye na wenzake walitangaza kwamba mchangamawe wa hapa una koesaiti, madini yanayohitaji mgandamizo ambao volkano haina namna ya kuuleta juu ya ardhi. Baada ya hapo kreta ikawa darasa. Wanaanga wa Apollo waliletwa humu kujifunza shimo la mgongano linavyosomeka, kabla hawajapelekwa kwenye mengine kule juu. Shoemaker mwenyewe alitamani sana kwenda Mwezini, maradhi ya tezi yakamzuia. Alifariki kwa ajali ya gari Australia mwaka 1997, na sehemu ya majivu yake ilibebwa na chombo kilichoangushwa Mwezini mwaka 1999.

Si wote walioingia shimoni kwa ajili ya elimu. Mwaka 1964 marubani wawili katika ndege ndogo aina ya Cessna waliteremka kutazama kwa karibu, upepo wa humo ndani ukawakatalia kupanda tena, wakazunguka na kuzunguka hadi wakaanguka. Walipona wote wawili. Kiongozi wetu mwenye kofia pana ndiye aliyenionyesha ng'ambo palipoangukia ndege hiyo, na kwa upepo uliokuwa ukinipiga wakati huo sikuhitaji maelezo zaidi.

Tukiwa mgahawani mpwa wangu aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu asubuhi. "Mjomba, kikija kingine?" Nilimwambia vinakuja kila siku, vidogo, vinaungua angani. Kikubwa kidogo kilikuja Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, mita 20 hivi kwa upana. Kilipasuka angani na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wamekimbilia kuchungulia. Nikamwambia pia kwamba Septemba 2022 Wamarekani waligonga kwa makusudi jiwe la angani liitwalo Dimorphos, wakapunguza muda wa mzunguko wake kwa dakika 32 hivi, ili kujaribu kama njia ya jiwe inaweza kupotoshwa. Inaweza. Alitafuna viazi vyake akifikiri, akasema basi yeye atajifunza kugonga.

Suala la umiliki lilinisumbua mpaka mwisho. Mwaka 1948 Harvey Nininger, mwindaji mashuhuri wa vimondo aliyekuwa na makumbusho yake kando ya barabara ya Route 66 hapo karibu, alitaka kreta iwe mali ya taifa, na chama cha wanaastronomia cha Marekani kikamuunga mkono. Ukoo ukamfutia ruhusa ya kufanya utafiti. Mwaka 1967 serikali iliitambua kuwa alama ya asili ya kitaifa, lakini hati ikabaki ilipo. Nilikuja nikiwa upande wa Nininger. Niliondoka nikiwa nimeyumba. Hakuna hoteli iliyojengwa sakafuni, hakuna machimbo ya kokoto, hakuna aliyechora jina lake ukutani. Watafiti wanakaribishwa, na kila kitu kimeelezwa vizuri hata mtoto anaelewa. Warithi wa mtu aliyefilisika akitafuta chuma kisichokuwepo wanaishi kwa kiingilio cha shimo tupu. Kama hiyo ni kejeli, ni kejeli iliyotunzwa kwa uangalifu.

Ninachowaonea wivu si shimo. Ni usimulizi. Pale kuna jiwe la kilo 639 na limezungukwa na maelezo, ramani, filamu na kijana anayepigana na upepo ili usikie kisa cha Barringer. Kule Mlima Marengi tuna chuma cha tani 16, na Watanzania wengi wanaosafiri kwenda Tunduma kila mwezi hawajawahi kukanyaga pale. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ndiyo inayokisimamia sasa, na Siku ya Vimondo Duniani, tarehe 30 Juni, inaadhimishwa. Hilo ni jema. Bado hakijasimuliwa kwa kiwango kinachokistahili.

Ukijaliwa kufika Arizona, nenda asubuhi, chukua koti hata kama Phoenix umeiacha inaungua, na uombe nafasi katika kikundi cha kwanza cha kutembea ukingoni, kwa kuwa upepo ukizidi matembezi huahirishwa. Usipojaliwa, shuka Vwawa uulize njia ya kimondo. Chuma ambacho Barringer alikitafuta kwa dola 600,000 asikipate kiko pale, kimekaa juu ya ardhi.